Jedwali la Elementi ni Funzo kwa Waundaji wa Istilahi

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hata hivyo, methali hii imetumiwa mno kutetea mtindo mmoja wa kuunda istilahi za sayansi. Mtaalamu huchukua orodha ya maneno ya Kiingereza, akalitafutia kila neno kisawe chake, kisha akatarajia kwamba orodha ikishajaa, Kiswahili kitakuwa kimeiva kufundishia kemia. Kibaba cha mchele hujaa hivyo kwa sababu punje moja haihitaji kujua jirani yake ni nani. Istilahi za kemia si punje za mchele. Kila moja hupata maana yake kutokana na mahali ilipo miongoni mwa nyingine, na ikiondolewa mahali hapo hubaki sauti tupu. Kwa hiyo, istilahi hizo hazina budi kuundwa kwa mfumo, jinsi elementi zenyewe zilivyopangwa katika jedwali lake.

Suala hili si la anasa ya kitaaluma. Katika shule za Kenya, kemia hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Nchini Tanzania, wanafunzi wengi husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi, kisha hukabiliwa na Kiingereza wafikapo sekondari. Matokeo yanajulikana na kila aliyewahi kukaa katika darasa la aina hiyo. Mwanafunzi hukariri kwamba mpangilio wa elektroni za sodiamu ni 2.8.1 na wa klorini ni 2.8.7, akaandika tarakimu hizo katika mtihani na kupata alama zake. Akiulizwa kwa nini ile 1 ya mwisho ndiyo inayoifanya sodiamu iwake ikitiwa majini, hana la kusema, wala kwa Kiingereza, wala kwa Kiswahili, wala kwa lugha ya mama. Amepewa nambari bila kupewa lugha ya kuzifikiria.

Wapo wanaodai kwamba tatizo ni uhaba wa maneno. Dai hili halina mashiko. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mnamo 1990, na Katiba ya Kenya ya 2010 ikakipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Maneno yapo, na hadhi ipo. Kinachokosekana ni mpango unaoyafanya maneno hayo yashikamane, na maandishi yanayoyatumia kueleza jambo toka mwanzo hadi mwisho.

Historia ya jedwali lenyewe inatoa ushahidi. Mnamo 1869, Dmitri Mendeleev alikuwa mwalimu wa chuo kikuu mjini St Petersburg, nchini Urusi. Wakati huo, lugha zilizotawala kemia zilikuwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Mendeleev hakuwa akitafuta umaarufu wa kimataifa. Alikuwa akiwaandikia wanafunzi wake kitabu cha kiada kwa Kirusi, naye akakwama mahali ambapo kila mwandishi wa kitabu cha kiada hukwama: afuate utaratibu gani? Elementi zilizojulikana zilikuwa 63, na kuzieleza moja baada ya nyingine kungekuwa sawa na kumsomea mwanafunzi orodha ya maduka ya mjini. Katika juhudi za kutafuta utaratibu wa kufundishia, alizipanga kwa kufuata uzito wa atomu zake na kugundua kwamba tabia zake hujirudia baada ya kiasi fulani. Hivyo basi, mojawapo ya uvumbuzi mkuu wa sayansi ulizaliwa na haja ya mwalimu kueleza jambo vizuri kwa lugha ya wanafunzi wake.

Kisa hicho kina upande wa pili, nao unawahusu wafasiri moja kwa moja. Muhtasari wa makala ya Mendeleev ulichapishwa kwa Kijerumani mwaka uo huo wa 1869. Neno alilolitumia kwa Kirusi lilikuwa na maana ya kujirudia kwa vipindi. Mfasiri akaliweka neno la Kijerumani lenye maana ya hatua kwa hatua. Tofauti yaweza kuonekana ndogo, lakini hatua kwa hatua ni mwendo wa kupanda ngazi bila kurudi, ilhali kujirudia ndio moyo wa hoja nzima. Mwaka uliofuata, Lothar Meyer wa Ujerumani alichapisha kazi iliyoonyesha kujirudia huko waziwazi, na neno lile lililopotoshwa likawa miongoni mwa mambo yaliyochochea ubishi mrefu kuhusu nani aliyetangulia. Mnamo 1882, Royal Society ya London iliwatuza wote wawili nishani ya Davy. Neno moja lililochaguliwa bila kutazama mfumo lilitosha kuficha hoja kuu ya makala.

Je, Kiswahili kimejikinga na kosa kama hilo? Istilahi ambayo aghalabu hupendekezwa ni jedwali la vipindi. Mwanafunzi wa Kenya akisikia kipindi, huwaza kipindi cha hesabu saa mbili asubuhi, au kipindi cha redio. Neno hilo humwambia kuhusu muda, wala halimwambii kwamba kuna kitu kinachorudi. Ilhali wanafunzi wa ushairi wanalijua vyema neno radidi, na wamezoea kuzungumzia uradidi wa sauti na wa maneno. Jedwali radidi lingesema jambo ambalo jedwali la vipindi linalinyamazia. Kila safu ya mlalo ya jedwali hilo huishia kwa gesi isiyopenda kuungana na nyingine, kama mishororo ya shairi inavyoishia kwa kina kimoja. Tofauti ni kwamba mishororo hii haina urefu sawa.

Sababu ya urefu huo kutofautiana ndiyo mpangilio wa elektroni. Atomu ina kiini chenye protoni, na kukizunguka kiini hicho kuna elektroni zilizo katika ngazi za nishati. Kila ngazi ina ngazi ndogo ndani yake, nazo hutambulishwa kwa herufi s, p, d na f. Ngazi ndogo ya s hubeba elektroni 2, ya p hubeba 6, ya d hubeba 10 na ya f hubeba 14. Safu ya kwanza ya jedwali hujaza s pekee, kwa hiyo ina elementi 2. Safu ya pili na ya tatu hujaza s na p, kwa hiyo kila moja ina 8. Ya nne na ya tano huongeza d, zikawa na 18 kila moja. Ya sita na ya saba huongeza f, zikawa na 32 kila moja. Ukijumlisha 2, 8, 8, 18, 18, 32 na 32, unapata 118, ambayo ndiyo idadi ya elementi zinazotambuliwa leo. Maelezo haya yametolewa kwa Kiswahili cha kawaida, na hayakuhitaji zaidi ya maneno machache ya kukopa.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, jambo hili halipaswi kuwa geni hata kidogo. Ngeli za nomino ni jedwali la namna hiyo. Anayejua kwamba nomino fulani imo katika ngeli ya KI-VI hahitaji kukariri sentensi zake zote. Mahali pa nomino hiyo pamekwisha kumwambia itakavyopatana na kivumishi, kitenzi na kiwakilishi. Vivyo hivyo, anayejua kwamba elementi fulani iko chini ya sodiamu katika safu ya wima anajua kwamba ina elektroni moja katika ngazi ya nje, kwamba ni metali laini, na kwamba huipoteza elektroni hiyo kwa urahisi. Hajaiona, wala hajaigusa. Mahali pake pamesema.

Hata mizozo ya taaluma hizi mbili inafanana. Wataalamu wa awali wa sarufi za Kibantu waliziainisha nomino kwa kufuata viambishi vyake vya mwanzo. Kwa kigezo hicho, kifaru na kijana zingekuwa pamoja na kiti na kisu. Lakini msemaji wa Kiswahili sanifu husema kifaru mkubwa amekufa, wala hasemi kifaru kikubwa kimekufa. Umbo linavutia upande mmoja, na upatanisho unavutia upande mwingine. Ndipo wengine wakashikilia kwamba kigezo cha kuaminika ni upatanisho wa kisarufi. Mendeleev naye alikuwa na kifaru wake. Teluriamu ina uzito wa atomu wa 127.6, na iodini ina 126.9. Kwa kigezo cha uzito, iodini ingetangulia. Hata hivyo, tabia zake ni za jamaa ya klorini na bromini, kwa hiyo Mendeleev aliiweka baada ya teluriamu, akiamini tabia kuliko umbo. Kigezo chenyewe hakikupatikana hadi 1913, pale Henry Moseley wa Uingereza alipoonyesha kwa miali ya eksirei kwamba kinachopanga elementi ni idadi ya chaji chanya zilizo kiiniha. Teluriamu ina 52, iodini ina 53. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mnamo 1915 akiwa na umri wa miaka 27, lakini kigezo chake kimedumu.

Sasa zitazamwe istilahi zinazoeleza mielekeo ya jedwali, kwa maana hapo ndipo mtindo wa neno kwa neno unapofichua udhaifu wake. Kuna kiasi cha nishati kinachohitajika kuiondoa elektroni moja kutoka katika atomu. Anayetafsiri kwa haraka ataandika nishati ya ioni. Lakini ioni ndiyo inayobaki baada ya kazi kwisha, na nishati inayozungumziwa ni ile ya kuifanya kazi yenyewe. Kuna pia uwezo wa atomu kuzivutia kwake elektroni inazochangia na atomu nyingine. Anayefuata Kiingereza silabi kwa silabi ataandika uhasi wa elektroni, na mwanafunzi atauliza, tena kwa haki, kama ipo elektroni isiyokuwa na chaji hasi. Mpangilio wa elektroni nao mara nyingine huitwa muundo wa elektroni, kana kwamba elektroni ndiyo iliyopasuliwa ili ionekane ilivyoundwa ndani.

Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuyasema mambo haya bila kigugumizi. Nishati ya kwanza na iitwe nishati ya kung'oa elektroni. Ile inayohusika atomu ipokeapo elektroni ya ziada na iitwe nishati ya kupokea elektroni. Uwezo wa kuzivutia elektroni za kifungo na uitwe uvutaji wa elektroni. Kung'oa, kupokea, kuvuta: vitenzi vitatu, yambwa moja. Mwanafunzi anayezisoma istilahi hizo pamoja huona papo hapo kwamba ni ndugu, na huona pia zinapotofautiana. Hii ndiyo maana ya kuunda istilahi kwa mfumo.

Faida yake hudhihirika nambari zinapoingia. Nishati ya kung'oa elektroni moja ya sodiamu ni kilojuli 496 kwa moli. Ya magnesiamu ni 738. Ya klorini ni 1251, na ya argoni ni 1521. Nishati inapanda kutoka kushoto kwenda kulia kwa sababu protoni zinaongezeka kiiniha huku elektroni mpya zikiingia katika ngazi ile ile, basi kiini kinazishika kwa nguvu zaidi na atomu inanywea. Kutoka juu kwenda chini mambo hugeuka: lithiamu 520, sodiamu 496, potasiamu 419, rubidiamu 403, seziamu 376. Elektroni ya nje inakaa mbali zaidi na kiini, na elektroni za ndani zinaikinga na mvuto wake, basi ni rahisi kung'oka. Isitoshe, kuing'oa elektroni ya pili ya sodiamu kunahitaji kilojuli 4562, zaidi ya mara tisa ya ile ya kwanza, kwa sababu elektroni hiyo imo katika ngazi ya ndani iliyokwisha kujaa. Yule mwanafunzi aliyekariri 2.8.1 sasa amejibiwa. Ile 1 iko peke yake mlangoni, na zile 8 zimejifungia ndani.

Mfumo mzuri hauogopi hata visivyofuata kanuni. Baada ya magnesiamu yenye 738, aluminiamu inashuka hadi 578, kwa sababu elektroni yake ya mwisho imeingia katika ngazi ndogo ya p, iliyo juu kidogo kuliko s. Baada ya fosforasi yenye 1012, salfa inashuka hadi 1000, kwa sababu ndani ya p yake elektroni mbili zimelazimika kukaa pamoja, nazo zinasukumana. Mkariri huviona visa hivi kuwa usumbufu. Mwenye lugha ya kufikiria huviona kuwa ushahidi kwamba ngazi ndogo zipo kweli. Mwanasarufi aliyewahi kumtetea kifaru atalielewa hili bila kusukumwa.

Majina ya elementi nayo yanahitaji utaratibu uo huo. Shirika la kimataifa la kemia, IUPAC, limeweka kanuni kwamba mwisho wa jina la elementi mpya utangaze kundi lake. Ndiyo maana majina yaliyoidhinishwa mnamo 2016 yakawa tennessine kwa jamaa ya klorini na oganesson kwa jamaa ya neoni. Kiswahili kinaweza kuhifadhi ujumbe huo bila taabu: florini, klorini, bromini, iodini, tenesini kwa upande mmoja, neoni, argoni, kriptoni, radoni, oganesoni kwa upande mwingine. Ni kweli kwamba kaboni, boroni na silikoni nazo huishia kwa -oni bila kuwa za kundi hilo, na heliamu ni ya kundi hilo bila kuishia hivyo. Hao ni vifaru wengine, na wanajulikana. Kinachoudhi ni vurugu isiyo na sababu: hapa haidrojeni, pale hidrojeni, hapa aluminiamu, pale alumini, ukurasa mmoja sodiamu, ukurasa wa pili sodiumu. Zaidi ya nusu ya elementi huishia kwa kiambishi kimoja kilichotokana na Kilatini. Uamuzi mmoja kuhusu kiambishi hicho ungemaliza ubishi wa maneno mengi kwa mpigo. Makala haya yamefuata -iamu kote. Anayependelea -i ana hoja zake pia, mradi aifuate kote.

Hapana shaka watakuwapo watakaopinga. Watasema kwamba kemia ni ya dunia nzima, na kuisema kwa Kiswahili ni kujifungia. Lakini alama za elementi, herufi s, p, d na f, na tarakimu zote hubaki zilivyo katika kila lugha. Herufi zenyewe zilianza kama vifupisho vya maneno ya Kiingereza yaliyoeleza mistari ya mwanga, na wanafunzi wengi wa Kiingereza leo huzitumia bila kuyajua maneno hayo. Alama hazihitaji kutafsiriwa. Kinachohitaji lugha ni maelezo. Wengine watasema kwamba mtihani ni wa Kiingereza, na mwanafunzi asichanganywe. Hoja hii ina uzito, na asiyeijali anamdhulumu mwanafunzi. Lakini hakuna anayedai karatasi ya mtihani ibadilishwe kesho. Kinachodaiwa ni kwamba mtu aelewaye kwa Kiswahili kwa nini elektroni hung'oka ataweza kujifunza kulisema jambo hilo kwa Kiingereza, ilhali aliyekariri bila kuelewa hana cha kutafsiri.

Lililobaki ni kazi, nayo haiwezi kufanywa na wanafunzi wa Kiswahili peke yao. Mwanaisimu asiyejua elektroni hukaa wapi ataunda maneno matamu yanayopotosha. Mwanakemia asiyejua ngeli na unyambuaji ataunda maneno sahihi yasiyotamkika. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina uwezo wa kuwakutanisha hawa wawili. Wasianze na orodha. Waanze kwa kuandika sura moja nzima ya kemia kwa Kiswahili, yenye mifano na maswali, kisha waone maneno gani yamehitajika na yanahusianaje. Istilahi zitakazozaliwa hivyo zitakuwa na jamaa zake tangu siku ya kwanza.

Na pale neno linalofaa litakapokosekana, pasijazwe kwa pupa. Mendeleev aliacha nafasi wazi katika jedwali lake, na kwa baadhi yake akakopa neno la Kisanskriti eka, yaani moja, akiita elementi isiyojulikana eka-aluminiamu kwa kuwa ilikuwa hatua moja chini ya aluminiamu. Mnamo 1875, Lecoq de Boisbaudran wa Ufaransa aliipata na kuiita galiamu. Alipoipima mara ya kwanza, uzani wake ulikuwa gramu 4.7 kwa kila sentimita ya ujazo. Mendeleev, ambaye hakuwahi kuiona, alimwambia kwamba kipimo hicho kina kosa, na kwamba kinapaswa kukaribia 6. Ikasafishwa, ikapimwa tena, ikawa 5.9. Nafasi iliyoachwa wazi ndani ya mfumo ilijua zaidi kuliko kitu kilichoshikwa mkononi nje ya mfumo. Waundaji wa istilahi za Kiswahili wakiwa na jedwali lao, nafasi zilizo wazi hazitakuwa aibu kwao. Zitawaonyesha neno lijalo litakavyokuwa.